Siku moja maishani mwangu: damu, chai na saa ya ukutani

Saa 10:30 alfajiri

Simu inaniamsha kabla ya majogoo wa Githurai. Hata sijaosha uso nimeshafungua jumbe: wanawake watatu wa leo wote wamejibu "sawa". Niliwaandikia maneno yale yale ya kila jioni: usile chochote baada ya saa 4 usiku, kunywa maji tu. Nimeajiriwa kama mtaalamu wa maabara kwenye utafiti wa kutafuta kipimo cha damu cha endometriosisi, ugonjwa wa wanawake wenye maumivu makali ya hedhi, lakini nusu ya kazi yangu ni kuwauliza watu walikula nini.

Saa 12:40 asubuhi

Nashuka matatu, natembea dakika kumi hadi hospitalini. Napanga chupa: za kofia ya zambarau, na za kofia ya kijivu zenye dawa ya kuzuia seli zisiendelee kula sukari. Ndoo ya barafu iko tayari. Saa ya ukutani nailinganisha na ya simu, maana kila dakika kuanzia sindano inapotoka inaandikwa.

Saa 1:20

Wa kwanza ni binti wa miaka ishirini na kitu, atafanyiwa laparoskopia leo, upasuaji wa kamera tumboni. Namuuliza hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Wengi hupapasa kalenda ya simu. Huyu hapapasi. "Jumanne ya wiki iliyopita. Nilitapika kazini, wakanirudisha nyumbani na teksi." Aliambiwa tangu kidato cha pili kwamba maumivu ni ya kawaida, kwamba akizaa yataisha.

Ndiyo endometriosisi kwa kawaida yake. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, yaani uterasi, inaota nje ya mji huo: kwenye ovari, nyuma ya uterasi, juu ya utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inampata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, takriban milioni 190. Wengi hukaa miaka mingi kabla ya kupewa jina la wanachougua, sababu mojawapo ikiwa kwamba vidonda vya mwanzo, vile vidogo vya juu juu, mara nyingi havionekani kwenye ultrasaundi. Hapo inabaki kutobolewa tumbo na kuingizwa kamera.

Saa 1:50

Wa pili upasuaji wake ni wiki ijayo, leo ni damu tu. Amesindikizwa na mama yake.

"Shikamoo mama. Amekula chochote tangu jana usiku?"

"Hajala, mwanangu. Amekunywa chai tu."

"Chai ya rangi?"

"Ya maziwa. Na kaandazi kamoja, asije akaanguka njiani."

Siwezi kumlaumu. Kwetu chai haihesabiwi. Lakini tunachokitafuta ni molekuli ndogo zinazoelea kwenye plazima, yale maji ya damu yasiyo na chembe: mafuta kama sfingomielini na fosfatidilkolini, asidi za amino, na lakteti, mabaki ya sukari iliyochomwa na seli. Andazi lina mafuta. Nikichukua damu yake sasa, kompyuta itanionyesha tofauti nzuri kabisa kati yake na wenzake, na tofauti yenyewe itakuwa ni andazi. Namwomba arudi kesho. Mama anacheka, binti hacheki: nauli ni ile ile.

Saa 2:10

Sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu kwa kuizungusha, inazunguka kwa ubaridi dakika kumi. Damu ya binti wa kwanza imejigawa vizuri, chini nyekundu nzito, juu plazima rangi ya nyasi kavu. Chupa ikitikiswa ovyo chembe nyekundu hupasuka, na plazima hutoka rangi ya waridi. Hiyo haina faida kwetu. Nagawa kwenye vichupa vinane, nabandika lebo, navitia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Dakika 34 tangu sindano itoke. Naridhika.

Saa 4:30

Sista wa chumba cha upasuaji ananiita nikapokee maji ya tumboni. Kwenye skrini namuona binti wa asubuhi kwa ndani: nyama laini ya waridi, na madoa matatu nyuma ya uterasi, moja jeusi kama alama ya kalamu, mawili mekundu. Daktari anahesabu pointi za kupima ugonjwa umeenea kiasi gani. Kati ya 1 na 5 ni hatua ya kwanza. Hatua ya nne huanzia zaidi ya 40. Huyu ana 4. Pointi nne zilizomlaza sakafuni kila mwezi tangu kidato cha pili. Pointi na maumivu havijawahi kuelewana.

Ni watu kama yeye ambao kipimo cha damu kingewafaa, na ndio kinaowakosa. CA-125, protini ya kwenye damu inayojulikana tangu 1981, hupanda zaidi ugonjwa ukishakomaa. Tena hupanda kwa hedhi na kwa mimba. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 unasema wazi kwamba viashiria vya damu visitumike kuutambua ugonjwa huu. Mimi nakubaliana nao, ingawa ndiyo kazi inayonilisha.

Saa 7:30 mchana

Chapati na madondo. Mezani anatajwa tena Njambi Koikai, mtangazaji aliyefariki Juni 2024 baada ya ugonjwa huu kumfikia hadi mapafuni. Kabla yake wengi hapa hawakuwa wakilitamka neno endometriosisi. Siku hizi wagonjwa wanakuja wakilitamka vizuri kuliko wanafunzi wetu.

Saa 9:00

Kisanduku kinafika kutoka kliniki moja inayotuletea sampuli. Fomu inasema damu ilitolewa saa 3 asubuhi. Chupa zote za zambarau, hakuna hata moja ya kijivu, barafu imekuwa maji, hakuna aliyezizungusha kwenye sentrifuji.

Damu iliyo chupani bado hai. Chembe nyekundu zinaendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kila saa, na zinachoacha ni lakteti. Sasa basi: watafiti wa Edinburgh waliona kwamba maji ya tumboni ya wanawake wenye endometriosisi yana lakteti nyingi zaidi, kwa sababu seli za utando wa tumbo zimebadili namna ya kuchoma sukari. Yaani dereva akikwama kwenye foleni kwa muda wa saa sita, anaweza kumpa mwanamke mwenye afya dalili ya ugonjwa asio nao. Napiga picha, naandika sababu, namwaga. Wanawake wanne walichomwa bure. Kupiga simu kuwaeleza ndiko kunakonichosha kuliko kumwaga.

Saa 12:15 jioni

Friza inasoma 79 chini ya sifuri, sawa. Sampuli zitakaa humo hadi zisafirishwe kwa barafu kavu kwenda kupimwa. Natuma ujumbe wa kesho kwa wanne, binti wa andazi akiwemo. Nafuta maneno ya zamani, naandika upya: "Usile chochote baada ya saa 4 usiku. Maji tu. Chai pia ni chakula. Mwambie na mama."