Mizabibu ya robo eka Tabora: kumbukumbu za kiangazi hiki

Shamba liko nje kidogo ya mji, kwenye kichanga, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mizabibu 260 hivi, mita 2.5 kati ya mistari na 1.5 kati ya miche. Aina ni mbili, Chenin Blanc na Makutupora Red, na vipando vyote vimetoka Dodoma.

Vipando tumevichukua Dodoma, kalenda tumeiacha hukohuko. Kule mvua ni haba na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Huku mvua ya Novemba hadi Aprili ingekuta zabibu za msimu wa pili zikiiva, zipasuke na kuoza zikiwa bado mtini. Kwa hiyo tunavuna mara moja tu, kiangazi. Katika joto letu mzabibu haulali: ukiukata unachipua, na siku 110 hadi 120 baadaye zabibu zimeiva. Ukipogoa mwanzoni mwa Mei, maua yanatoka Juni pakiwa pakavu na mavuno yanaangukia mwanzoni mwa Septemba. Novemba tunapogoa tena, safari hii kwa ajili ya matawi. Vishada vinavyojitokeza vinaondolewa vikiwa vidogo. Wakulima wa Maharashtra, India, hutumia mtindo huohuo wa mipogoo miwili na mavuno mamoja, ila miezi yao ni mingine.

MEI. Kila kijiti kimebakizwa macho mawili. Ukiacha tawi refu lenye macho manane, macho ya nchani yanachipua na kuyanyima yale ya chini, na mwaka unaofuata mti una upara katikati. Tawi refu likilazimu, likunje kufuata waya hadi macho yachipue, ndipo ulifunge vizuri. Maji yanayodondoka kwenye jeraha baada ya kukata ni kawaida, yaacheni.

Nguzo za mbao mchwa wamekwisha kuzionja. Oili chafu hatupaki, maana inashuka kwenye udongo uleule unaolisha mizizi. Nguzo za pembeni, zinazobeba mvuto wa waya, tunabadilisha kuwa za zege. Za katikati zitafuata.

JUNI. Ukungu. Kiangazi ubwiri vinyoya hautusumbui sana, ni ugonjwa wa masika. Dawa yake ni mrututu (chumvi ya buluu yenye shaba) na chokaa: gramu 100 za mrututu kwenye lita 5 za maji, gramu 100 za chokaa kwenye lita 5 nyingine, kisha mrututu umiminwe ndani ya chokaa huku ukikoroga. Tumia ndoo za plastiki, chuma kinaliwa. Kabla ya kupulizia, tumbukiza msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na majani yataungua. Ongeza kidogo, upime tena. Mchanganyiko utumike siku hiyohiyo.

Shaba haiozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha wastani wa kilo 4 za shaba kwa hekta kwa mwaka, nasi tunakifuata. Ndoo moja ya lita 10 ina gramu 25 hivi za shaba, kwa hiyo robo eka ina haki ya ndoo 16 kwa mwaka mzima. Nyingi zinawekwa akiba ya Desemba na Januari. Kiangazi adui ni ubwiri unga, na huo tunaupa salfa ya unga wa kuchanganya na maji, jioni, jua likishapoa na nyuki wa majirani wakisharudi mizingani.

JULAI. Kichanga hakitunzi maji. Mzabibu wenye majani kamili unataka lita 8 hadi 10 kwa siku; ukizimwaga kwa mkupuo, nusu inapita chini ya mizizi pamoja na mbolea. Dripu inafunguliwa asubuhi na jioni, na chini ya kila mstari kuna matandazo ya nyasi kavu unene wa kiganja, yasiguse shina kwa sababu ya mchwa. Zabibu zikianza kulainika, maji yanapunguzwa kwa theluthi.

Anayetaka kuanza asipande kwenye shamba lililotoka tumbaku, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa. Tumbaku huzalisha minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, na kichangani inastawi kuliko kwenye mfinyanzi. Ng'oa kisiki cha tumbaku uangalie: mizizi yenye vinundu kama shanga ndiyo jibu. Misimu miwili ya karanga hupunguza minyoo hiyo sana.

Kupima utamu kutaanza katikati ya Agosti, punje za juu, za kati na za chini ya kishada, za upande wa jua na wa kivuli. Tunasubiri Brix (kipimo cha sukari kwenye maji ya zabibu) 20 hadi 22, lakini ukali wa asidi nao unapimwa, kwa sababu joto la Septemba huumaliza upesi. Ukianza kushuka kwa kasi tutakata hata kwenye 19, alfajiri, kabla kreti hazijapata jua.