Soya na kunde kwenye ndoo: nimeanza kupasua vinundu

Mradi umefika hatua niliyoisubiri tangu nilipojaza ndoo udongo: soya imetoa maua, na sasa naweza kung'oa baadhi ya mimea na kuikagua mizizi. Swali langu ni kama bakteria waliomo katika udongo wa kawaida wa shamba la mahindi wanatosha kuipatia soya naitrojeni kutoka hewani, au ni lazima mbegu ipakwe bakteria wake mahususi kabla ya kupandwa.

Ndoo zote zina udongo uliochimbwa mahali pamoja, na hakuna iliyotiwa yurea, kwa kuwa mmea ukishapata naitrojeni ya kutosha ardhini hauhangaiki kutengeneza vinundu, yaani vivimbe vya mizizini wanamoishi bakteria hao. Kundi la kwanza ni kunde zisizopakwa chochote, la pili ni soya kavu, yaani isiyopakwa, na la tatu ni soya iliyopakwa Biofix, bidhaa iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Unga wake ni mweusi, maana bakteria aina ya Bradyrhizobium huhifadhiwa ndani ya masalia yanayobaki viwandani maji ya miwa yanapochujwa. Mbegu nilizilowanisha kwa gamu arabiki (gundi ya utomvu wa mti), nikazigeuzageuza kivulini hadi zote zikawa nyeusi, kisha nikazifukia papo hapo, kwani jua huua bakteria upesi. Mbegu kavu nilizipanda kwanza, kabla mikono haijagusa unga.

Kunde zimenishangaza kwa wingi wa vinundu: vimetapakaa hadi kwenye mizizi ya pembeni, vingi vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Soya kavu ina mizizi mitupu, isipokuwa kinundu kidogo hapa na pale, na majani yake ya chini yameanza kuwa manjano. Soya iliyopakwa ina vinundu vinene vilivyosongamana kwenye mzizi mkuu, karibu kabisa na shina, yaani pale pale mbegu ilipokuwa.

Hata hivyo, kuhesabu vinundu peke yake hakutoshi, na ndiyo sababu nilichukua wembe. Kinundu cha soya iliyopakwa, kilipopasuliwa, kilikuwa chekundu ndani, na wembe ukabaki na majimaji ya rangi hiyo. Vile vichache vya soya kavu vilikuwa vyeupe, dalili kwamba havifanyi kazi. Wekundu huo ni wa legihimoglobini, protini ya ukoo mmoja na ile inayobeba oksijeni katika damu yetu. Kimeng'enya kinachobadili naitrojeni ya hewani kuwa amonia huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe wanaihitaji ili kupumua, kwa hiyo protini hiyo huishika oksijeni na kuwagawia kwa kipimo.

Tofauti ya kunde na soya ina asili yake. Kunde ni zao la Afrika, na hukubaliana na bakteria wengi wa udongo wetu. Soya ilitoka Asia ya Mashariki, na aina nyingi za mbegu zake huchagua sana. IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nijeria, ilizalisha soya za kundi la TGx ili ziweze kushirikiana na bakteria wa huku, lakini mbegu yangu si ya kundi hilo. Biashara yenyewe ya kupaka mbegu ni ya zamani kuliko nilivyodhani: Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wa vinundu mwaka 1888, na kufikia 1896 Wajerumani Nobbe na Hiltner walikuwa wamepata hataza ya Marekani ya kuwakuza kwa ajili ya mashamba.

Mimea iliyobaki nitaiacha ikomae, kisha nitapima uzito wa punje kavu za kila kundi. Baada ya mavuno, ndoo za kundi la tatu zitapandwa soya tena bila kupakwa, nione kama bakteria wamebaki hai udongoni.