Masikio ya baa ndiyo yaliyonitoa baa

"Ya moto au ya baridi?" Hilo ndilo swali nililouliza kuliko maswali yote niliyowahi kuuliza maishani, na nililiuliza Sinza, Dar es Salaam, usiku, nikiwa mwaka wa pili chuoni Mlimani. Nilikuwa mhudumu wa baa. Mama yangu aliye Muheza nilimwambia niko hotelini, na sikudanganya sana, maana palikuwa na jiko na chipsi mayai zilikuwa zinatoka. Kwamba ukutani kulikuwa na spika kubwa kuliko friji, hilo sikuona haja ya kumsumbua nalo.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakiwaambia wanafunzi "acha tu hiyo kazi, njaa itakufundisha." Kuna mwenzangu wa darasani aliyemsikiliza mmoja wa hao wanaohubiri mafanikio kwenye simu. Akaacha kazi ya duka Jumatatu, na Ijumaa akanikopa elfu kumi. Njaa haikumfundisha lolote, ilimkondesha tu. Mimi sikuacha baa kwa siku moja. Nilitoka kama mtu anavyotoka majini, mguu mmoja kwanza, nikaingia kazi ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika.

Baa ilinilipa kama elfu tano kwa siku, siku nyingine sita, na chenji za walevi wenye roho nzuri. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, nilikuwa nalipata, lakini elfu kumi kwa siku ukilipwa kwa mkupuo halafu una mdogo wako kidato cha tatu, haifiki popote. Tatizo la baa halikuwa uchache wa pesa, tatizo ni kwamba pesa yenyewe ilikuwa inarudi ilikotoka. Bia unaichukua kaunta kwa jina lako. Mteja akiondoka bila kulipa, ile bia umekunywa wewe. Usiku mmoja wanaume wanne, wote na mashati yao yamepigwa pasi, walitoka mmoja mmoja "kupokea simu". Shoti ya siku ile, yaani pesa iliyopungua, nililipa kwa wiki mbili. Wanaoshika mkono wa mhudumu na kuusahau mkononi mwao sitawataja, wanajijua.

Kabla sijapata njia nilipigwa. Nililipa elfu thelathini kuingia kundi la WhatsApp lililoahidi kazi za kuandika mtandaoni, malipo kwa dola. Nikatumiwa PDF ya kurasa kumi na mbili, ukurasa wa tano umejirudia, na ushauri mkuu ulikuwa niwaingize wenzangu watatu nao walipe. Basi.

Njia yenyewe ilikuja kwa dada mmoja wa shahada ya uzamili aliyekuwa jirani yetu pale hosteli Mabibo. Nasema yetu, ingawa mimi nilikuwa nimebebwa, nalala kwa mwenzangu aliyepangiwa chumba. Alikuwa anafanya utafiti wa maji vijijini, amerudi kutoka Kanda ya Ziwa na mahojiano zaidi ya thelathini kwenye kinasa sauti, na kila siku nilimwona na headphone kichwani, macho mekundu, anaandika mstari mmoja kwa robo saa. Nikamwambia, "Dada, nipe moja nijaribu." Akaniangalia, akauliza, "Kiswahili chako kikoje?" Swali gani hilo kumuuliza mtu wa Tanga! Nilijibu kwa kiburi ambacho nilikuja kukitapika.

Akanipa sauti ya dakika arobaini na tano na kuniazima laptop yake kwa mchana mmoja. Wanawake saba wa kijiji fulani huko Magu, wanaongea kwa zamu na wakati mwingine bila zamu, na nyuma yao mashine ya kusaga inanguruma. Mchana mmoja ukawa siku mbili. Zile dakika arobaini na tano zilinila muda wa saa kumi na moja. Nikamaliza, nikasoma nilichoandika, nikaona nimefanya kazi safi kuliko aliyoitaka. Maana wale kina mama walikuwa wanasema "tunaendaga", "sijaionaga", "alikuwa anatuambiaga", nami kwa huruma zangu nikawanyoosha wote. "Hiyo hela wala sijaionaga" ikawa "Sijawahi kuiona fedha hiyo." Mmoja alisema "tunachotaga maji", nikaandika "huwa tunateka maji", kwa sababu kwetu maji yanatekwa. Wote saba waliongea kama watangazaji wa taarifa ya habari.

Na kulikuwa na neno moja lililokuwa linajirudia, mashine ikilifunika kila mara. Nikasikiliza, nikarudisha, nikasikiliza. Nikaridhika kwamba mama anasema rambo. Nikaandika: "Wakati wa kiangazi maji tunayatoa kwenye rambo." Nikaona ni ajabu kidogo, lakini vijijini mambo ni mengi.

Dada akasoma kimyakimya. Alipofika pale akaweka laptop chini.

"Mdogo wangu, rambo zimepigwa marufuku tangu 2019. Huyu mama amezificha wapi mifuko ya kutosha kijiji kizima?"

Neno lilikuwa lambo. Lile bwawa la kuchimbwa, linalokinga maji ya mvua, ng'ombe wanakunywa na watu wanachota. Utafiti wake mzima ulikuwa unahusu malambo. Mimi nilikuwa nimeyafuta yote na kuweka mifuko ya plastiki.

Halafu akaniambia jambo ambalo mpaka leo kila ninayemfundisha kazi hii namwanzia nalo. "Mimi nilisafiri mpaka kule nikachukue maneno yao. Wewe umenirudishia ya kwako. Huyu anachota kwa kata kwenye maji yaliyotuama. Ukiandika anateka, umempeleka kisimani mwenye ndoo na kamba, na kijiji chake hakina kisima. Ndiyo maana nilimhoji." Hakunilipa. Wala sikudai. Nilikwenda zamu usiku ule na kila mteja aliyesema "naombaga" nilimheshimu.

Nilimwomba sauti nyingine, akakubali kwa shingo upande. Na hapa ndipo baa ilipoanza kunilipa deni lake. Mchoma nyama wetu alikuwa mtu wa Maswa. Sauti za utafiti humsikilizishi mtu mwingine. Nilisaini karatasi ya kutunza siri na niliishika, hata leo nikimaliza kazi nafuta kila kitu. Lakini neno tupu halina mwenyewe. Basi ningefika jikoni na kijitabu changu cha oda, nimegeuza ukurasa wa nyuma, nauliza, "Kaka, hivi mtu wa kwenu akisema hivi ana maana gani?" Anageuza mbavu za mbuzi, ananieleza, ananipa na mfano wa shangazi yake. Dada wa kaunta alikuwa wa Tarime. Mlinzi wa magari Mmakonde wa Newala. Mfagiaji alitoka Kigoma. Ile baa ilikuwa kamusi yenye friji. Meneja akiniona naandika, akidhani oda zimeongezeka, ananisifu.

Na masikio. Hakuna anayekuambia hili, lakini mtu aliyehudumu meza sita chini ya spika, wateja wanaongea na mishkaki mdomoni, huyo sauti chafu haimtishi. Kwenye kelele nilijifunza kutomkatiza mteja katikati. Unaacha aseme yote, unashika umbo la sentensi, halafu unalijaza. Ukifukuzia neno mojamoja unapotea. Ndivyo ninavyonukuu sauti mpaka leo: nasikiliza sentensi nzima hadi anapovuta pumzi, nasimamisha, naandika. Wengi watakuambia upunguze kasi ya sauti. Kwa sauti safi, sawa. Kwa sauti yenye mashine au mvua ya bati, ukipunguza kasi na ile ngurumo nayo inanenepa. Mimi naiacha kasi yake, naisikiliza mara tatu, mara ya pili kwa sikio moja. Na pale pasiposikika kabisa naandika [haisikiki] na dakika yake, sibuni. Rambo ilinitosha.

Sauti ya pili alilipa. Elfu ishirini au ishirini na tano kwa saa moja ya sauti, sikumbuki vizuri, nakumbuka niliila na kuku nusu. Akawaambia wenzake. Sikutangaza popote, nilichofanya ni kusema, "Nipeni zile mlizozishindwa." Watu wakaniletea zilizorekodiwa stendi, sokoni, kwenye msiba, moja kinasa sauti kilikuwa ndani ya mkoba. Sauti safi wanazo wengi wa kuzifanya, na bei wanaishusha wenyewe kwa wenyewe. Chafu nilibaki peke yangu, na bei nikaitaja mimi. Mwenye kutaka na tafsiri ya Kiingereza anaongeza.

Hesabu niliifanya kwenye kijitabu kilekile cha oda. Saa moja ya sauti ya kawaida hunila saa nne au tano, chafu hata nane. Lakini nimekaa, hakuna anayenishika mkono, na hakuna sauti iliyowahi kutoka "kupokea simu" ikaniachia bili. Nikaanza kwa kuacha Jumatatu na Jumanne, siku ambazo baa imelala. Ijumaa na Jumamosi nilizishikilia kwa meno miezi mitatu mingine, maana ndizo zenye chenji, na watafiti ni watu wema ila malipo yao yanasubiri fedha za mradi. Ukitaka kujua kwa nini usiache kazi ghafla, subiri fedha za mradi.

Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ukaniumbua. Nilikuwa nimenunua laptop ya mtumba Kariakoo kwa laki tatu na kitu, betri yake inakaa dakika ishirini. Nina saa nne za sauti, mwenyewe anazitaka Jumatatu, Mabibo giza. Baa ilikuwa na jenereta. Nilifanya kazi ile stoo, nimekaa juu ya kreti tupu, chaja nimechomeka nyuma ya friji, kati ya oda na oda, mpaka meneja alipokuja kutafuta soda. Akaniuliza kama nimeajiriwa na baa au na ile laptop. Lilikuwa swali zuri, nikaona sasa lijibiwe.

Mwenzangu wa chumba anasoma sheria. Akaniambia nisiondoke kimyakimya kama wote wanavyoondoka, maana nilikuwa na pesa yangu ya siku kumi na mbili meneja ameishikilia "kwa ajili ya shoti". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa siku au kwa wiki anatoa notisi ya siku nne. Wa mwezi ndiye wa siku 28. Nikaandika kwa mkono, nikataja kifungu cha 41, nikatoa kopi, nikaomba meneja asaini kwamba amepokea. Alicheka mpaka akamwita dada wa kaunta aje aone. "Baa nayo inaandikiwa barua!" Lakini alisaini, na aliposaini akaacha kucheka, akaisoma tena. Siku ya nne nililipwa siku tisa kati ya kumi na mbili. Tatu alisema ni glasi. Glasi nilizovunja ni mbili, ila nilikuwa na sauti ya kumaliza, nikamwachia.

Mchoma nyama bado ni kamusi yangu. Namtumia vocha.

Mama nilimpigia wiki ileile. Baada ya shikamoo na habari za machungwa nikamwambia nimeacha kazi ya hotelini, sasa nasikiliza watu wakiongea halafu naandika walichosema.

"Wanakulipa kwa hilo?"

"Wananilipa, mama."

Akanyamaza kidogo.

"Na chakula wanakupa? Maana kule hotelini ulisema mnakula bure."

Nikasema hapana, chakula najinunulia. Akaguna. Mguno ule ningeuandika [anaguna], na dakika yake.