Nguzo Zilizopanda Ukutani

Juzi binti yangu alirudi shuleni, na kabla hata hajavua viatu akaniuliza: "Mama, kwa nini mwalimu akisema 'mmeelewa?' sote tunaitikia 'ndiyooo' hata kama hatujaelewa?" Nikamwambia akaoge kwanza. Mawazo yalikuwa yameshanipeleka Morogoro, kwenye ule ukumbi wa semina wenye pangaboi bovu.

Washiriki walikuwa walimu wa sayansi wa shule za msingi, mimi mwezeshaji. Asubuhi nzima nilipitisha slaidi za kani na mwendo, na kila nilipouliza kama tuko pamoja, ukumbi wote ulijibu: "Tuko pamoja!" Walimu ni wepesi wa kuitikia, maana ndio wanaotufundisha kuitikia.

Baada ya chai nikafungua Mentimeter, programu ya Waswidi wa Stockholm. Projekta ikaonyesha nambari, unaingia menti.com kwa simu yako, unaiandika, unajibu. Jina huulizwi. Ikawa purukushani. Wenye bando wakawarushia wasio nalo, wenye vitochi wakasogea kwa majirani wajibu wawili kwa simu moja, na ticha mmoja akasimama kuwasomea wa nyuma tarakimu moja moja.

Swali lilikuwa hili: jiwe limerushwa juu wima. Pale linapofika mwisho, kabla ya kuanza kushuka, kani ya mvutano wa dunia ikoje? A, imeongezeka. B, imekoma kwa muda. C, ni ileile.

Nguzo zikaanza kupanda ukutani, kila jibu na nguzo yake, ikirefuka kadiri kura zinavyoingia. B ikanyanyuka kidogo, ikasita, ikapanda tena, ikawaacha wenzake chini. Hakuna aliyetoa macho kwenye ukuta. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili chini ya meza, kidole bado kiko juu ya kioo. Mzee wa safu ya mbele akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akatazama upya. Kisha sauti ikatoka nyuma, ya mtu aliyepumua: "Kumbe tuko wengi!"

Sauti ile sijaisahau. Mtu aliyekuwa akiitikia tangu asubuhi alikuwa amegundua kwamba wenzake nao hawakuwa na uhakika.

Sikutaja jibu. Nilifuata utaratibu ambao Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard kule Marekani, aliuanza mwaka 1991: kila mtu ajibu peke yake, ajadiliane na jirani, kisha ajibu tena. Ukumbi ukachangamka. Kijana mmoja akawa anarusha chaki juu na kuidaka, anarusha na kudaka, akimwambia mwenzake, "Ingekuwa imekoma pale juu, si chaki ingebaki hewani?" Kura ya pili, C ikaipita B.

Wakati wa chakula, yule mzee wa miwani akaja kukaa karibu nami. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Mwanangu, kitu chako ni kizuri," akasema, "lakini umetufundisha kujibu tukiwa tumejificha. Mtoto akizoea hivyo, kwenye mkutano wa kijiji atasimama nani?"

Nikamweleza kwamba darasani kwake simu hazihitajiki. Kadi za A, B na C zinatosha: watoto wafumbe macho, kila mmoja ainue kadi yake kifuani, mwalimu peke yake ndiye aone. Akatafakari. "Kadi nimezipenda. Ila iko siku lazima wafumbue macho."

Tangu hapo, baada ya kura ya pili huomba mtu mmoja asimame aeleze kwa nini alibadili jibu. Pengine husimama mtu, tena kwa furaha. Pengine wote huinamia simu zao, nami husubiri kidogo kabla ya kubonyeza slaidi inayofuata, nikijiuliza kama siri ile inawajengea ujasiri wa kusema, au inawaondolea haja ya kuwa nao.