Thumuni Iliyomnunua Paa

Nilipokuwa mdogo hapa Tanga, thumuni ilikuwa sarafu ya senti hamsini yenye picha ya sungura, na kwa hiyo bibi aliposimulia kisa cha Sultani Darai, ambamo maskini mmoja anamnunua paa kwa thumuni, sikushangaa hata kidogo. Mnyama ananunuliwa kwa sarafu yenye mnyama. Nilimwona kabisa maskini yule akimfuta sungura wake vumbi kabla ya kumkabidhi mwenye paa.

Nilikuja kutanabahi ukubwani, niliposoma kisa hichohicho katika mkusanyo wa hekaya za Unguja uliotolewa na Edward Steere mjini London mwaka 1870, kwamba thumuni ya hekaya siyo ile niliyopewa kununulia ubuyu. Neno lina asili ya Kiarabu na maana yake ni sehemu moja ya nane, na kilichogawanywa mara nane katika pwani ya zama zile kilikuwa reale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780, mwaka ambao haukubadilishwa ingawa sarafu yenyewe iliendelea kupigwa karne iliyofuata. Nusu na robo zingali na kazi yake ya kugawanya, hata saa tunaitaja kwa kasorobo. Thumuni ndiyo iliyohamia kwenye senti hamsini, na senti hamsini zilipokosa cha kununua, neno likabaki vinywani mwa wazee.

Naona kisa chote kimeegemea neno hilo moja. Maskini anaiokota thumuni jaani, anakochakura kama kuku akitafuta punje za mtama, na kwa mtu anayehesabu punje, sehemu ya nane ya reale ni mali. Anaitoa yote kwa paa, asijue kesho atakula nini. Paa naye, kwa werevu wake, anampatia bwana wake mke, binti wa Sultani Darai, na jumba la fahari. (Habari za nyoka mwenye vichwa saba naziruka, ingawa ndizo tulizozipenda sana.) Kisha paa anaugua, kizee anatumwa kwa bwana kuuliza mgonjwa apikiwe nini, na bwana anaamuru apewe uji wa mtama mwekundu, kwani si paa wa thumuni tu?

Kiasi hakikuongezeka wala kupungua. Jaani kilikuwa kila alichokuwa nacho mtu yule; jumbani kimekuwa tusi, na msimulizi hakutia neno lolote la kutufafanulia. Ningekuwa mhariri wa vitabu vya shule, nisingekubali neno hilo libadilishwe kuwa "hela kidogo", kama wafanyavyo wengine kwa nia ya kuwarahisishia watoto, kwa sababu hela kidogo ni kidogo tangu mwanzo na hapo tusi halina pa kusimama.

Mwisho wa kisa, paa akiwa amekufa, maskini anazinduka yuko palepale jaani. Bibi hakuwa akiisema sehemu hiyo. Alikuwa akichakura mkeka kwa vidole, akichakura tena, kisha akitufungulia kiganja kitupu.