Jiwe la Mbozi na mtu wa semi

Juzi Zawadi amerudi na swali la shuleni: nyota zikianguka, zinaenda wapi? Nikamwambia najua moja ilipo, na nimeishika kwa mkono wangu. Hakuniamini. Akataka tumpigie baba yake, na baba yake, dereva wa semi, lori lenye tela, saa hizo alikuwa kwenye foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia, simu haipatikani. Ikabidi nimsimulie mwenyewe, na tangu hapo safari tuliyokwenda kuiona haijanitoka kichwani.

Baba Zawadi alikuwa amepewa likizo. Nilidhani atalala. Mtu anayeendesha semi kutoka bandarini Dar mpaka Zambia na Kongo, akifika nyumbani hutaka godoro na kimya. Badala yake aliazima gari dogo la kaka yangu, tukamwacha Zawadi, mdogo bado, kwa bibi yake Kibaha, akaniambia nifungashe masweta. "Nataka ukaione barabara yangu," alisema. "Kuna vitu navipita kila siku sijawahi kusimama."

Tulipofika Vigwaza alipunguza mwendo, akawasha indiketa ya kuingia mizani ya malori. Gari la watu wawili na kikapu cha maandazi! Nikamgusa bega, akazima indiketa, tukapita. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi kabla yake.

Mikumi tulipita mchana, barabara kuu ikikata katikati ya hifadhi, na twiga walikuwa wamesimama karibu na lami. Yeye hapo ameshapita mara zisizohesabika, lakini macho yake huwa kwenye alama ya mwendo na kwenye breki. Siku hiyo aliegesha panaporuhusiwa, akatazama mpaka nikamkumbusha safari. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu chini ya mibuyu, kisha tukaanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayonguruma kwa gia ndogo. Kwenye kona moja alizima redio. Hakuniambia kwa nini, na sikumuuliza.

Iringa tulilala. Alinionyesha Ipogolo, pale madereva wanapopaki usiku, halafu asubuhi tukaenda Isimila, kilomita kama 20 tu kwa barabara ya Mbeya. Nguzo za udongo zimesimama bondeni, ndefu kupita nyumba, mvua imezichonga, na shoka za mawe za watu wa kale, zinazokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000, ziko pale pale chini. Kalenga tuliliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954 baada ya kukaa Ujerumani kwa miaka mingi. Nilitoka humo ndani sina la kusema.

Lakini nilichotaka kumsimulia mwanangu ni Mbozi.

Ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma, kabla ya Vwawa kuna kibao cha kimondo, ndiyo hiyo nyota iliyoanguka. Baba Zawadi alikuwa anakijua kibao kile vizuri kuliko mlango wetu, maana akikiona anajua Tunduma imekaribia na foleni inamngoja. Safari hii akakata kona. Tukala vumbi, mashamba ya kahawa huku na huku, mpaka kilima cha Marengi.

Nilitegemea jiwe. Kile ni chuma. Kina urefu wa kama mita tatu, cheusi chenye ukahawia, kimelazwa juu ya msingi wa zege ndani ya shimo. Kijana aliyetutembeza, baada ya kutupa shikamoo, alieleza kwamba wenyeji walikuwa wanakifahamu kabla mpima ardhi mmoja, Nott, hajakiandika mwaka 1930. Siku hizo kilionekana mgongo tu. Udongo wa pembeni ukachimbwa, ukaachwa wa chini yake tu, na baadaye zege likawekwa kukishikilia. Karibu asilimia 90 ni chuma, kinachobaki kikubwa ni nikeli.

Niliweka kiganja. Kilikuwa na joto la jua, na uso wake wote una vishimo laini, kama unga uliokandwa na mtu akabonyeza kidole gumba kila mahali. Ndivyo moto wa angani ulivyokichonga kikiwa kinashuka. Pale kilipokatwa kipande kwa ajili ya uchunguzi pamenyooka, panang'aa.

Baba Zawadi hakukigusa mara moja. Alikizunguka taratibu, mikono nyuma, jinsi anavyozunguka tela kabla ya safari, akiinama kuangalia chini. Kisha akauliza:

"Uzito?"

"Tani 16, mzee."

Akanyamaza akipiga hesabu. Najua uso wake wa hesabu. Gari la ekseli saba kwa sheria ya Afrika Mashariki halitakiwi kuzidi tani 56, gari na mzigo kwa pamoja. "Hiki ningekibeba," akasema polepole, "na nafasi ingebaki." Akatoa sarafu mfukoni, akagonga. Kililia, sauti nyembamba ya chuma safi. Akagonga tena, safari hii ameinamisha sikio mpaka karibu na kile chuma, amefumba macho. Mtu huyu sijawahi kumwona amefumba macho bila usingizi.

"Mama Zawadi," akaniita. "Huu ni mzigo ulioshushwa hapa na hakuna anayeusubiri."

Tukakaa kwenye ngazi mpaka kijana akatuacha. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia. Usiku wa Igawa gari lilipokufa. Mji gani una ndizi tamu. Wapi huwa ananifikiria. Miaka yote hiyo mimi nilijua bei ya dizeli na siku za foleni, basi, na niliichukia barabara ile kwa kuninyima mume. Sasa sijui. Siwezi kusema nimeipenda. Inanipa wasiwasi hadi leo kila simu ikilia usiku. Lakini alikuwa ametunza sehemu zake kwa ajili yangu, moja moja, bila kuniambia.

Tukiwa tunarudi lami nilimuuliza kama zimebaki nyingine. Akanitajia Kalambo, huko Rukwa mpakani na Zambia, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Hajafika, amesikia kwa madereva wenzake. Tulikubaliana tutaenda, na mpaka leo hatujaenda: likizo ikija kuna ada, kuna msiba, kuna kupaua. Jana usiku alipopatikana nilimtajia tena Kalambo. Akasema akishusha mzigo Lubumbashi tutaongea.