Ng'apa ilivyonikwamisha

Msimu wa ufuta hapa Lindi nilikuwa natunza hesabu za mizani kwenye ghala moja. Kila jioni programu yangu ya lugha ya C ilimtumia bosi baruapepe, moja kwa kila eneo. Kazi yote mstari mmoja: system(), inayoendesha amri ya kompyuta, na ndani yake mail -s 'Mzigo wa Mingoyo' bosi < mzigo.txt. Mingoyo ikafika, Mnazi Mmoja ikafika, Ng'apa kimya. Siku ya tatu bosi akapiga: "We kijana, Ng'apa hawavuni?"

Kumbe mchawi ni ritifaa, kile kialama cha ' kwenye jina. Sheli, programu inayosoma amri (siyo ile ya mafuta), ikifika kwenye ng' inadhani nukuu imefungwa. Ile nukuu ya mwisho inafungua nyingine isiyofungwa, amri inakufa palepale. system() ilirudisha namba isiyo sifuri, mimi hata sikuitazama. Uvivu tu.

Sasa naita sendmail -t, programu ya kutuma barua inayosoma mpokeaji ndani ya barua yenyewe, kwa popen(), inayofungua bomba la kuipelekea maandishi. Kwa fprintf() naandika To:, Subject:, mstari mtupu, kisha kilo zenyewe. Namaliza kwa kufunga bomba na pclose(). Jina la Ng'apa halipiti tena kwenye sheli. Ila hata pclose() ikirudisha sifuri, barua imepokelewa foleni tu, kwa hiyo bado napiga simu: "Shikamoo bosi, Ng'apa imeingia?"